Kumbukumbu ya seva inapanda kila siku, wachangiaji wawili hawaelewani: nani ana haki?

#1 KipandeChaNgara
Wasee, salamu. Niko kwenye mradi wa programu huria. Tunaoandika mara kwa mara ni wanne: wawili tuko hapa Nairobi, mmoja Eldoret, mwingine Ujerumani. Programu ni ya C. Inapokea vipimo kutoka kwa vihisi vilivyowekwa kwenye matangi ya maji ya ploti, inavihifadhi kwa SQLite (hifadhidata ndogo), halafu inampa mwenye ploti taarifa maji yakikaribia kuisha. Tunaiendesha kwenye bodi ndogo za ARM za biti 32 zenye RAM ya megabaiti 512, na pia kwenye seva ya kukodi ya biti 64 yenye viini vinne. Kuna nyuzi kumi na mbili (threads, kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu) za kupokea ujumbe.

Shida: ikiwashwa inakula kama megabaiti 20. Wiki haijaisha, kwenye seva iko 300. Kwenye bodi inapanda polepole, lakini mwishowe kerneli, moyo wa Linux, inaiua kwa ukosefu wa kumbukumbu.

Mchangiaji A ameleta kiraka cha mistari zaidi ya 1,000 kinachong'oa malloc (amri ya C ya kuomba kumbukumbu) karibu kila mahali na kuweka bwawa letu wenyewe, yaani kipande kikubwa cha kumbukumbu tunachochota humo. B amekipinga. Anasema tubadilishe tu mgawaji wa kumbukumbu (maktaba iliyo nyuma ya malloc), kazi ya mistari miwili kwenye faili ya kujenga. Kila mmoja anataka chake kiunganishwe wiki hii. Mimi naona wote wawili wanameza dawa ya malaria bila kupima damu. Valgrind, zana ya kutafuta kumbukumbu inayovuja, inasema hakuna baiti iliyopotea. Mnaonaje?

#2 RongaiExpress
Andikeni upya kwa lugha ya Rust, tufunge uzi.

#3 BintiChiromo
@RongaiExpress wewe huwa unasoma swali lakini?

@KipandeChaNgara hiyo 300 umeisoma kwenye safu gani ya amri ya top? VIRT (anwani zilizotengwa) au RES (RAM iliyoliwa kweli)? Kama ni VIRT usipoteze usingizi. Kwenye biti 64 glibc (maktaba ya C yenye malloc) hujitengea anwani za megabaiti 64 kwa kila arena mpya (ghala la kumbukumbu) bila kuzigusa. Ni anwani tu, RAM yenyewe bado haijaliwa.

#4 KipandeChaNgara
RES. Nimesoma pia smaps_rollup ndani ya /proc, namba zinakubaliana.

#5 MzeeWaKerneli
Basi ni arena, sina shaka. glibc huzipa nyuzi za programu maghala tofauti ili zisipange foleni kwenye kufuli moja. Kikomo ni arena nane kwa kila kiini. Viini vinne, arena 32. Uzi mmoja ukipokea mzigo mkubwa kisha ukauachilia, nafasi ile inabaki kwenye arena yake. Uzi wa arena nyingine haufaidiki nayo, unaenda kuomba kipya kwa kerneli. Hamjavuja hata baiti moja lakini RES inapanda. Weka MALLOC_ARENA_MAX=2 kwenye mazingira, washa upya. Msimbo usiuguse kabisa.

#6 Kilimani_biti32
Mzee, heshima zako, lakini mambo mawili. Nane kwa kila kiini ni ya biti 64. Kwenye biti 32 ni mbili kwa kila kiini. Na arena mpya huanzishwa uzi unapoomba kumbukumbu mara ya kwanza, kwa hiyo mwenye nyuzi kumi na mbili hawezi kufika arena 32. Atakuwa na kumi na tatu, tukihesabu ile ya uzi mkuu.

#7 MzeeWaKerneli
Kumi na tatu zinatosha kumaliza 300. Na tena ona, kwenye bodi inapanda polepole, kwenye seva haraka. Arena chache, arena nyingi. Inalingana kabisa.

#8 MamaValgrind
Au inalingana na seva kupokea ujumbe mwingi kuliko bodi. Tusiharakishe.

Ndugu wa #1, Valgrind ikisema hakuna kilichopotea, ujue inachosema. Kumbukumbu ambayo bado kuna kielekezi kinachoifikia haihesabiwi kuwa imepotea. Mkiwa na jedwali la kache (nakala za kusoma haraka) linaloongezwa kila siku na halipunguzwi kamwe, Valgrind itaona kila kitu kiko mahali pake, na mkifuta jedwali programu inapozimwa, ripoti itakuwa safi kama sahani. Pili, memcheck (zana kuu ya Valgrind) huondoa malloc ya glibc na kuweka yake. Kwa hiyo hata nadharia ya Mzee ya arena huwezi kuiona ndani ya Valgrind. Tumia Massif, zana yake ya kuchora matumizi ya kumbukumbu, angalia umbo la mchoro. Unapanda kama ngazi halafu unatulia, au unapanda mstari mmoja bila kuchoka? Ukiona mlalo mahali fulani, nitaanza kushuku vipande, yaani nafasi tupu zilizokatikakatika zisizorudi kwa kerneli. Ukikosa mlalo, kuna kitu kinajikusanya.

#9 GithuraiJunior
Samahani wakubwa, mimi bado najifunza. Kwani ukiita free(), ile amri ya kuachilia, kumbukumbu hairudi kwa kerneli?

#10 LuthuliAvenue
Mara nyingi hairudi hapo hapo. Vipande vikubwa, kuanzia kilobaiti 128 kwa kawaida, huombwa kwa mmap (kila kimoja peke yake kwa kerneli), na hivyo hurudi moja kwa moja. (Kizingiti hicho chenyewe huhama programu ikiendelea, lakini tuache.) Vidogo hutoka kwenye lundo (heap), na free hupunguza lundo kutoka juu tu. Kukiwa na kitu kidogo cha baiti 32 kimekaa juu kabisa na hakiachiliwi, megabaiti zote zilizo chini yake zinabaki mikononi mwa programu hata kama ni tupu. Ndiyo maana kuna malloc_trim(0). Tangu glibc 2.8 hupita arena zote na kurudisha kurasa nzima zilizo tupu, hata za katikati.

@KipandeChaNgara hiki kipimo ni cha dakika moja: ita malloc_trim(0) RES ikiwa 300. Ikishuka sana, ni vipande. Isiposhuka, kuna mtu ameshikilia.

#11 PipelineMtaani
Mimi nilidhani ni uzi wa maji. Kwetu Pipeline tangi lenyewe ndilo linavuja, na hakuna kihisi kinachotuma taarifa ila mama wa chini anayepiga kelele.

#12 KipandeChaNgara
😂 @PipelineMtaani karibu kwenye mradi.

Nimefanya alivyosema LuthuliAvenue. Ilikuwa 290 na kitu, ikashuka hadi 170 hivi. Kwa hiyo mmeshinda nusu nusu. Hebu angalieni pia hii kazi (function) ya msimbo, A na B wote wanaigusa:

```
const char *jina_la_tangi(int id)
{
    struct tangi *t = kache_tafuta(id);
    if (t)
        return t->jina;
    return strdup(soma_jina_db(id));
}
```

#13 BintiChiromo
Haya, huyu hapa.

Tazameni mistari miwili ya return. Tangi likiwa kwenye kache unapewa kielekezi cha mali ya kache, ukiita free umeharibu. Lisipokuwepo unapewa nakala mpya ya strdup, usipoita free umevujisha. Anayeita hana njia ya kujua amepewa ipi. Na ile const kwenye aina inamwambia "usiguse", kwa hiyo mtu mwenye adabu haachilii kamwe.

Na Valgrind ilinyamaza kwa sababu nyepesi, nadhani: vipimo vyenu vinatumia matangi yaliyosajiliwa tayari, kwa hiyo tawi la strdup halikuwahi kuguswa. Huko uwanjani fundi akibadilisha kihisi inakuja id mpya, kache inaikosa, na kila ujumbe wa kihisi kile unaacha nakala moja nyuma. Hata wakati wa kukosa hamuiweki kwenye kache!

Wenye mradi hamjawahi kuandika nani mwenye mali. SQLite wameandika: maandishi ya sqlite3_errmsg usiyaachilie, lakini ujumbe wa kosa unaopewa na sqlite3_exec lazima uuachilie kwa sqlite3_free. Maktaba moja, sheria mbili, zote ziko kwenye nyaraka. Python vilevile: PyList_GetItem inakuazima, PySequence_GetItem inakupa kiwe chako. Watu wa maktaba ya GLib huandika juu ya kila kazi kama mali imehamishwa au haikuhamishwa, na zana zinasoma maandishi hayo. Nyinyi mnakisia.

#14 Kilimani_biti32
Uchambuzi mzuri, dada, ila hesabu inakataa. Jina la tangi lina herufi ngapi, ishirini? glibc ya biti 64 itatoa kipande cha baiti 32. Kujaza megabaiti 280 (300 kutoa 20 za kuanzia) kwa vipande hivyo unahitaji zaidi ya milioni 9. @KipandeChaNgara vihisi vingapi, na kila baada ya muda gani?

#15 KipandeChaNgara
Vihisi kama 400 kwenye seva, kila sekunde 30.

#16 Kilimani_biti32
Basi ni ujumbe 1,152,000 kwa siku. Hata kama VYOTE vingekosa kache, ungefika huko karibu siku ya nane. Wewe unafika kabla ya wiki, na vingi haviikosi. Kasoro hiyo ipo, irekebisheni leo, lakini si yeye peke yake aliyekula 300.

#17 MzeeWaKerneli
Arena.

#18 BintiChiromo
Mzee, vipande vidogo vinavyovuja ndivyo vinavyokaa kila mahali na kuzuia kurasa zisirudi. Soma tena #10. Baiti 32 inaweza kuganda juu ya ukurasa mzima wa kilobaiti 4. Kwa hiyo hesabu ya Kilimani inapima vilivyovuja tu, haihesabu vilivyozuiliwa navyo.

#19 Kilimani_biti32
Hilo nakubali kwa nusu. Hivyo vilivyozuiliwa vingetumika tena kwa maombi mengine ya ukubwa ule ule.

#20 NairobiDam
Ninyi nyote mnazunguka. A ana haki. Ujumbe ukiingia fungua bwawa, kila kitu cha ujumbe huo kichotwe humo, ukimaliza futa bwawa lote kwa mpigo. Swali la nani aachilie halipo tena, kwa sababu hakuna anayeachilia kimoja kimoja. Apache wanafanya hivyo, nginx wanafanya hivyo, PostgreSQL wana palloc na miktadha yao ya kumbukumbu miaka mingi sasa, Samba wana talloc. Si uchawi.

#21 TheNgongRoad
Na ndio uchawi huo huo uliotuletea Heartbleed, ule mwanya wa usalama. OpenSSL, wenye maktaba ya kusimba mawasiliano, walijifanya wajuaji wakaandika ugawaji wao, kumbukumbu ikavuja, dunia nzima ikabadilisha nywila.

#22 MamaValgrind
@TheNgongRoad umechanganya. Heartbleed haikuwa kumbukumbu kutoachiliwa. Mteja alidai ametuma baiti nyingi kuliko alizotuma kweli, seva haikukagua urefu, ikanakili hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya jirani na kumrudishia. Kosa liliingia na toleo la 1.0.1 Machi 2012, likatangazwa Aprili 2014.

Ila kuna chembe ya ukweli. OpenSSL walikuwa na orodha yao ya vipande vilivyotumika, wakivizungusha ndani kwa ndani bila kuvirudisha kwa malloc. Kwa hiyo kinga za malloc ya mfumo wa OpenBSD hazikupata nafasi ya kushika lolote. Jambo hilo ni mojawapo ya yaliyowakera watu wa OpenBSD, wakachipua LibreSSL kutoka OpenSSL mwaka ule ule. Ndiyo hofu yangu na bwawa la A: AddressSanitizer (zana ya kushika makosa ya kumbukumbu) ikiona bwawa inaona kipande kimoja kikubwa halali, ukivuka mpaka wa kitu kimoja ndani yake hakuna kengele.

#23 NairobiDam
Isipokuwa ukiieleza. Kuna makro za kutia sumu (kupiga marufuku kuguswa) maeneo ya bwawa kwa AddressSanitizer, na Valgrind ina VALGRIND_MEMPOOL_ALLOC. Kazi ya jioni moja.

#24 MamaValgrind
Na A ameziweka kwenye kiraka chake?

#25 ZamaniZaiHub
Nimefurahi kuona watu bado wanabishana hivi. Miaka ile iHub, kitovu cha wanateknolojia, ikiwa Bishop Magua, Ngong Road, tungemaliza hili juu ya meza moja ya kahawa. Watu wa mradi wa Ushahidi nao walikuwa wanaandika mambo makubwa na sikumbuki mtu akilalamika juu ya malloc.

#26 LuthuliAvenue
Mkuu, Ushahidi ilikuwa kwa lugha ya PHP. Wangelalamikia malloc kwa sababu gani?

#27 NairobiDam
Asante sana @LuthuliAvenue, umenisaidia bila kujua. PHP hufanya nini ombi la ukurasa likiisha? Inafagia kumbukumbu yote ya ombi hilo. Hilo ni bwawa! Nusu ya tovuti za mji huu zinaishi ndani ya bwawa na hakuna anayekosa usingizi.

#28 RongaiExpress
Mmenipuuza lakini namba hazidanganyi. Microsoft walisema 2019 kwamba karibu asilimia 70 ya mianya ya usalama wanayoiziba kila mwaka ni ya usalama wa kumbukumbu. Hata kerneli ya Linux ilifungua mlango kwa Rust kwenye toleo la 6.1, Desemba 2022.

#29 BintiChiromo
Kweli kabisa, na haihusiani na swali. Mianya hiyo ni kusoma nje ya mipaka na kutumia kitu baada ya kukiachilia. Kuvuja Rust haikuzuii: mem::forget (kusahau kitu bila kukiachilia) ni kazi salama, na Rc mbili (vielekezi vinavyohesabu wanaoshika kitu) zikishikana mduara hazifutiki. Ungeweka kache isiyopunguzwa kwa Rust ingepanda vile vile. Ingekusaidia kwenye jina_la_tangi, hapo sikatai, kwa sababu ungelazimika kusema kwenye aina nani mwenye mali.

#30 WestieOps
Nikitetea B kidogo. Kubadilisha mgawaji si kutoroka kazi. jemalloc, mgawaji mmojawapo, iliandikwa na Jason Evans mwaka 2005 kwa ajili ya FreeBSD, Firefox 3 waliichukua 2008 hasa kwa tatizo la vipande, na Redis huja na nakala yake ndani. Mistari miwili, mnapima, ikikataa mnatoa. Kiraka cha mistari elfu ukikiunganisha huwezi kukitoa tena bila damu.

#31 Kilimani_biti32
Hazina kuu ya msimbo wa jemalloc ilifungwa Juni 2025, mwandishi mwenyewe akaandika makala ya kuiaga. Kwa mradi mpya ningejaribu mimalloc ya Microsoft. Na kwenye bodi ya megabaiti 512 ningepima kwanza, maana wagawaji hawa wengi wanajali kasi ya seva kubwa kuliko kubana RAM.

#32 WestieOps
Facebook wana tawi lao la jemalloc, nakala wanayoiendeleza wenyewe. Lakini sawa, mimalloc pia ni mistari miwili.

#33 KahawaWest_A
Mimi ndiye A. Rafiki alinitumia kiungo.

@MamaValgrind ndiyo, sumu za AddressSanitizer zimo, faili ya tatu. Mngefungua mngeona. @WestieOps kiraka hakikuwa cha mistari elfu. Nilileta viraka saba, kimoja kimoja, cha kwanza kikiwa kurekebisha hiyo hiyo jina_la_tangi. Vilikaa bila mtu kuvipitia, kisha msimamizi akaniambia nivilete kama kazi moja. Nikaleta kazi moja. Sasa kosa ni kwamba ni kikubwa.

#34 KipandeChaNgara
Karibu, ndugu. Nilisema ulete maelezo ya kazi yote mahali pamoja ili tujue safari inaelekea wapi. Sikusema uvifinye kuwa kimoja. Na cha kwanza kilibadilisha jina_la_tangi pamoja na sehemu nyingine nane zinazoiita, mbili kati ya hizo ni za B, na B alikuwa ana tawi lake wazi juu ya faili hizo hizo.

#35 KahawaWest_A
Tawi ambalo hakuna aliyeniambia lipo.

#36 MzeeWaKerneli
Vijana, tulieni. Hata kerneli ilikuwa na wagawaji watatu wa vitu vidogo kwa miaka mingi: SLAB, SLOB na SLUB. Kila mtu alijua watatu ni wengi. SLOB iliondolewa toleo la 6.4 mwaka 2023, SLAB ikaondolewa toleo la 6.8 mwaka 2024. Na hawakukurupuka: kwanza walitangaza itaondoka, wakangoja wanaoitegemea waseme, ndipo wakang'oa. Viraka vya kumbukumbu vinaenda kwa barua pepe ya linux-mm, Andrew Morton anavikusanya kwenye mti wake, na vinakaa humo vikijaribiwa kabla ya kufika kwa Torvalds, mwanzilishi wa Linux. A, rudisha viraka vyako saba. B aseme faili gani ameshika. Cha jina_la_tangi kiingie kwanza, hakuna anayekipinga hapa.

#37 TheNgongRoad
Mzee ametoka kwenye arena! Andikeni tarehe.

#38 MzeeWaKerneli
Sijatoka. Ameweka MALLOC_ARENA_MAX au bado?

#39 KipandeChaNgara
Niliiweka 2 tangu juzi. Sasa iko 140 mahali ambapo kwa muda huo huo ingekuwa 200 hivi. Imepungua, lakini mstari haujalala, bado unapanda.

#40 MzeeWaKerneli
Si nilisema.

#41 BintiChiromo
Si nilisema.

#42 MamaValgrind
Mmesema nyote na bado unapanda. Niulize kitu ambacho hakuna aliyegusa: SQLite. Kauli (maagizo kwa hifadhidata) mnazotayarisha kwa sqlite3_prepare_v2, mnazifunga zote kwa sqlite3_finalize? Hata pale mnapotoka mapema kwa kosa? Chapisha sqlite3_memory_used() kila dakika kumi, uiweke kando ya RES. Itakuambia SQLite peke yake imeshika kiasi gani.

#43 KahawaWest_A
Kauli za kuandika zinafungwa, nilizipitia. Ya ripoti ya mwenye ploti sikuiandika mimi.

#44 LuthuliAvenue
Ya ripoti iliandikwa na nani?

#45 KipandeChaNgara
B. Amesema atajibu usiku. Nimeweka sqlite3_memory_used kwenye logi. Kwa saa hizi chache imetoka megabaiti 3 hadi 9, na RES imeongezeka 11. Sijui kama 6 kati ya 11 ni uvujaji au ni kache ya kurasa za SQLite inayojaa kawaida.

#46 Kilimani_biti32
Kwa kawaida kache hiyo ina kikomo cha kama megabaiti 2 kwa kila muunganisho. Mna miunganisho mingapi? Kila uzi una wake?

#47 KipandeChaNgara
Kila uzi una wake, ndiyo.

#48 Kilimani_biti32
Kumi na mbili mara mbili ni 24. Basi ngoja ipite 24 kwanza, kisha urudi hapa. Na glibc ni toleo gani, kwenye seva na kwenye bodi?